Shajara ya Mradi wa Jukwaa, Tabora: Mwili wa Mwigizaji na Uanamke wa Wahusika wa Kale

Kabla ya mfungo

Mradi huu unahusu swali ambalo kikundi chetu kimelizungumza kwa muda mrefu bila kulifanyia kazi: mhusika wa kike wa tamthiliya ya zamani anapopanda jukwaani, uanamke wake unatoka wapi? Maandishi humpa maneno, mwongozaji humpa mahali pa kusimama, fundi humshonea maleba, lakini anayetokea mbele ya hadhira ni mtu mwenye urefu wake, umri wake, pumzi yake, uzito wake na magoti yake. Msimamo tunaoanza nao ni kwamba mwili huo haumbebi mhusika tu, bali humwandika upya, na kwamba mengi tunayoyahesabu kuwa uanamke wa mhusika fulani ni mazoea ya miili ya watu waliomwigiza zamani, yakarithiwa hadi yakaonekana kana kwamba mtunzi mwenyewe ndiye aliyeyaandika.

Tutalipima jambo hili kwa vitendo. Maonyesho machache yaleyale yataigizwa kwa zamu na watu watatu wenye miili isiyofanana, nami nitaandika humu kila kinachobadilika. Wa kwanza ni binti mrefu, mchezaji wa netiboli, aliyemaliza kidato cha sita. Wa pili ni mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi ameuza asali na karanga sokoni, na ambaye magoti yameanza kumsumbua. Wa tatu ni kijana wa kiume, mwembamba, mwenye sauti nyepesi, anayeendesha bodaboda mchana. Kwa ombi lao sitaandika majina. Nitawaita Binti, Mama na Kijana. Mazoezi ni jioni, katika ukumbi wa kukodi upande wa Isevya.

Matini tutakayoitumia zaidi ni tamthiliya ya Shakespeare, *Makbeth*, katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, na pembeni yake *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Hapa Tabora tafsiri hiyo ya pili haipokelewi kama mgeni, kwa kuwa Mwalimu alisoma katika shule ya serikali ya mji huu, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.

Tumewachagua Bibi Macbeth wa tamthiliya ya kwanza na Portia wa ile ya pili kwa sababu mahususi. Wote wawili waliandikwa na Shakespeare kwa ajili ya miili ya wavulana. Katika Uingereza ya wakati wake wanawake hawakuigiza katika kumbi za umma, na ni hadi tarehe 8 Desemba 1660 ndipo mwanamke alipoonekana London akiigiza Desdemona katika *Othello*. Mwaka 1662 hati ya Mfalme Charles wa Pili ikaagiza kwamba nafasi za kike zichezwe na wanawake. Mtunzi, basi, hakuweza kutegemea kifua wala nyonga za mwigizaji wake, na uanamke wa wahusika wake akauweka ndani ya maneno. Bibi Macbeth anapoyataja matiti yake na maziwa yake, aliyekuwa akisema pale mwanzoni hakuwa na kimoja wala kingine. Usemi ule ulikuwa mzigo uliotupwa kwenye fikra za hadhira. Mwanamke anapousema mwenyewe, kazi ya usemi inabadilika kabisa, ingawa hakuna neno hata moja lililoguswa. Hapo ndipo tunapotaka kuchimba.

Juma lililofuata: magoti

Tulianza na salamu, kwa sababu ndicho kitendo cha kwanza ambacho mwili wa mtoto wa kike wa hapa hufundishwa. Katika familia nyingi za Unyamwezi binti akimsalimu mkubwa hukunja goti, na vijijini wapo wanaopiga magoti hadi chini, mwangaluka ikitamkwa huku kichwa kimeinama. Mvulana hufundishwa kusimama vizuri na kuinamisha kichwa kidogo, basi.

Zoezi lilikuwa Bibi Macbeth kumpokea Mfalme Duncan langoni, katika tendo la kwanza. Mfalme anakuja kulala katika nyumba ambamo mwenyeji wake amekwisha kuazimia kwamba mgeni asiamke. Maandishi yanampa Bibi Macbeth maneno ya adabu yaliyopambwa sana, lakini hayasemi mwili wake ufanye nini.

Binti alikunja goti haraka, kama anavyowasalimu walimu wake barabarani, akawa amekwisha kunyanyuka kabla sentensi haijaisha. Adabu yake ilionekana kama deni linalolipwa ili mtu aende zake. Mama alishuka taratibu, mkono mmoja juu ya paja, akabaki chini mpaka mfalme alipomwambia ainuke. Akiwa pale chini hakumtazama mfalme usoni. Macho aliyaweka kifuani mwake, karibu na vifungo vya shati. Alipoulizwa kwa nini, alisema ndivyo alivyolelewa, mkubwa hatazamwi machoni. Lakini sisi tuliokuwa tumekaa tulijua jambia lingepita kifuani mle usiku ule, na kitendo cha heshima tupu kikageuka kuwa cha kutisha bila yeye kuongeza chochote.

Kijana alikwama. Maisha yake yote amepigiwa magoti na dada zake wadogo, ila yeye hajawahi kulikunja lake, kwa hiyo alijitahidi kumwiga Binti na akaongezea kiuno kwa wingi. Nimeandika pembeni ya mswada kwamba uanamke wa onyesho hili haupo katika kukunja goti bali katika muda ambao goti hubaki chini, na ni nani anayeruhusiwa kuukatisha muda huo.

Mama aliniuliza baada ya zoezi kama haingekuwa busara kumpa nafasi mtu mwenye magoti mazima. Nilimweleza habari za Sarah Bernhardt, mwigizaji mkubwa wa Ufaransa aliyeigiza Hamlet mwaka 1899, ambaye goti lake la kulia lilimtesa kwa miaka hadi mguu ukakatwa mwaka 1915, naye akiwa na miaka 70, na ambaye aliendelea kuigiza akiwa ameketi karibu hadi kufa kwake mwaka 1923. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mwalimu, mimi miguu ninayo yote miwili. Tuendelee."

Ndani ya Ramadhani

Mazoezi ya sauti kubwa tumeyapunguza, na vikao vya kusoma tumevihamishia baada ya tarawehe. Jioni chache kabla ya magharibi tulijaribu hotuba ya Bibi Macbeth ya kuwaita mapepo, ile anayoomba uanamke wake uondolewe ili asije akahurumia. Tulikuwa tumezoea kuisikia ikipigwa kwa kelele. Mama, akiwa na saumu ya kutwa na koo kavu, aliisema kwa vipande vidogo, akipumua katikati ya sentensi pasipo na kituo, na kila pumzi ilionekana kama mtu anayejiuliza kama aendelee. Mapumziko hayo tumeyatia alama kwenye mswada na tutayatunza hata mfungo ukiisha, ingawa itabidi mwili ushibe na bado ukumbuke ufupi wa pumzi ile.

Palikuwa na pendekezo kwamba hotuba hiyo ichukue miondoko ya Waswezi, watu wa ibada ya mapepo ya huku kwetu, kwa kuwa watu wa Unyamwezi wakimwona mwanamke anaita mapepo akili zao zitaenda huko moja kwa moja. Nimelikataa. Miondoko ile ni ya ibada ya watu walio hai na wanaoiheshimu, nasi hatuna ruhusa ya kuikata vipande vya kupambia tamthiliya. Tena Mama ameonyesha kwamba mapepo yanaweza kuitwa na mtu aliyesimama kimya.

Katika vikao vya kusoma tumekaa sana na habari za Sarah Siddons, mwigizaji wa Uingereza aliyeigiza Bibi Macbeth katika ukumbi wa Drury Lane, London, kuanzia tarehe 2 Februari 1785. Siddons aliacha maandishi yake kuhusu mhusika huyu, na humo anamwona kama mwanamke mweupe, laini, mwenye umbo la kudhoofika, ambaye haiba yake ya kike ndiyo iliyomteka mumewe. Lakini Siddons mwenyewe alikuwa na umbo la kifalme na sauti iliyoujaza ukumbi. Hadhira haikuona yule mlaini aliyekuwa katika fikra zake. Iliona mwili uliokuwa mbele yake. Na Bibi Macbeth wa kutisha, mkubwa, mwenye utukufu mweusi, akawa ndiye Bibi Macbeth wa vizazi vilivyofuata, hata kwa wale ambao hawakuwahi kumwona Siddons. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1888, Ellen Terry alimwigiza katika ukumbi wa Lyceum kama mke anayempenda mumewe kupita kiasi, akiwa amevaa gauni la kijani lililoshonewa mabawa ya mbawakawa, ambalo mchoraji John Singer Sargent alilichora mwaka uliofuata. Wapo waliolalamika kwamba huyo siye Bibi Macbeth, kwa maana hakuwa Siddons.

Habari hii ilizua mjadala mkali kuliko mingine yote hadi sasa. Binti aliuliza, na swali lake lina haki: ikiwa mwili huishinda fikra, kwa nini mwigizaji ajisumbue kufikiri? Jibu langu ni kwamba fikra ya Siddons haikupotea. Ililainisha mahali fulani ndani ya ule ukubwa, na ndiyo maana watu walimhurumia hata walipomwogopa. Fikra isiyouzingatia mwili itakaoutumia ndiyo inayobaki kwenye daftari. Binti hakuridhika sana, na sidhani kama mjadala umefungwa.

Kijana na kungwi

Tumemwalika mama mtu mzima anayefunda mabinti hapa mjini, aje amtazame Kijana. Aliketi mkekani, akamwacha aingie na kutoka mara kadhaa, kisha akamwita. "Mwanangu," alimwambia, "unamtafuta mwanamke kiunoni, na sisi kiuno hatukitoi mbele za watu. Chunga mabega yako, chunga macho, na usiache mkono unaning'inia bila kazi."

Alisimama akamwonyesha. Mabega aliyashusha na kuyarudisha nyuma kidogo mpaka kifua kikaonekana chembamba. Viwiko vilikaa karibu na mbavu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika pindo la kanga, si kwa kulivuta, bali kwa kulikagua kwa kidole gumba, ukirudi pale kila sentensi inapoisha. Macho yalifika kwa mtu baada ya kupita chini kwanza. Kijana aliiga mabega na viwiko, na papo hapo urefu wake ukaonekana kupungua.

Nilistaajabu kuona jinsi maelekezo hayo yanavyokaribiana na ya kabuki, mchezo wa jukwaani wa Japani. Kabuki inasemekana kuanzishwa na mwanamke, Okuni wa Izumo, huko Kyoto mwaka 1603 hivi. Wanawake wakapigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, na wavulana waliochukua nafasi zao nao wakazuiwa mwaka 1652, hadi nafasi za kike zikabaki kwa wanaume wazima waitwao onnagata. Hao hujifunza kukutanisha magoti wanapotembea, kushusha mabega kwa kuibana mifupa bapa ya nyuma ya mabega, kuvuta viwiko ndani na kusimama nyuma kidogo ya mwigizaji wa kiume ili waonekane wafupi. Yoshizawa Ayame, aliyefariki mwaka 1729, alifundisha kwamba onnagata aishi kama mwanamke hata nje ya jukwaa. Kungwi wetu hajapata kuona kabuki, naye Ayame hakuwafunda mabinti wa Tabora. Wote wawili walijua kwamba uanamke unaoonekana na watu ni kazi inayofanywa na viungo, na kwamba mwenye mwili wa kike naye alifundishwa kazi hiyo, ila alifundishwa mapema mno hata akasahau.

Kisha tukamvua Kijana kanga. Nilichukua wazo hili kwa Mei Lanfang, mwigizaji wa China aliyecheza nafasi za kike maisha yake yote, ambaye mwaka 1935 huko Moscow alionyesha miondoko ya wanawake akiwa amevaa suti, bila vipodozi wala taa maalumu, mbele ya watu wa maigizo ambao Bertolt Brecht, mtunzi wa tamthiliya wa Ujerumani, alikuwa mmoja wao. Kijana alisimama na suruali yake na fulana ya kazini, akayarudia maneno ya langoni. Mwanzoni mkono wa kushoto ulilitafuta pindo lisilokuwepo. Aliuacha utafute, na mkono ule uliokuwa ukikagua hewa ulitueleza zaidi kuliko kanga yenyewe. Goti bado halijamtii.

Siku hiyohiyo tuligeukia *Mabepari wa Venisi*, pale ambapo Portia anamweleza mtumishi wake Nerissa watakavyojifanya wanaume: atabadili hatua zake fupi kuwa za kiume, atasema kwa sauti ya mvulana anayebalehe, atasimulia ugomvi wa uongo na mabinti waliokufa kwa kumpenda. Jukwaa la Shakespeare lilikuwa na mvulana anayemwigiza mwanamke anayemwigiza mvulana. Nilidhani Kijana angeteleza tu kwenye mwili wake wa kila siku, naye akafanya hivyo, na onyesho likafa. Hatua zake halisi hazikuwa na maoni yoyote kuhusu wanaume. Binti alipopewa nafasi, aliketi ukingoni mwa benchi kama yuko juu ya pikipiki, magoti mbali, funguo zikizunguka kidoleni, kidevu kikimwita abiria asiyeonekana. Ukumbi ulicheka, ila Kijana hakucheka haraka. Baadaye aliniambia kwamba hakuwahi kujua kuwa anakaa vile, wala hakumbuki aliyemfundisha. Tangu siku hiyo anaifanyia kazi miondoko ya kike kwa unyenyekevu zaidi, kwa kuwa ameona kwamba hata uanaume wake ni maleba.

Baada ya Idi: maziwa

Mwenzetu anayeshika mswada na kuwakumbusha waigizaji maneno ana mtoto mchanga anayenyonya. Alikuwa ameomba siku nyingi ajaribu maneno ambayo Bibi Macbeth anamtia nayo mumewe ushupavu, akisema kwamba amewahi kunyonyesha na anajua utamu wa kumpenda mtoto anayenyonya, lakini angekuwa ameapa kama mumewe alivyoapa, angemchomoa mtoto huyo titini huku anamchekea na kumpasua kichwa.

Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga pembeni ya ukumbi. Mama yake alisoma mstari wa kwanza, akanyamaza, akaomba mtoto atolewe nje. Binti alimbeba akaenda naye chini ya mwembe. Ndipo aliposema maneno yote, kwa sauti ya chini, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjika kwenye umbo la kubeba mtoto tangu neno la kwanza, bila yeye kukusudia. Alipofika kwenye kupasua, mkono haukurusha chochote. Ulifunguka tu, ukabaki wazi.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha Mama akasema kwamba maneno haya hayafai kutoka kinywani mwa mzazi anayenyonyesha, na wengine wakaunga mkono. Nikasimulia kwamba mwaka 1794 Siddons aliigiza nafasi hii hii akiwa mjamzito, tumbo likionekana, na kwamba hadhira ya Drury Lane ililazimika kusikia habari za mtoto kupasuliwa kichwa kutoka kwa mwanamke mwenye mtoto tumboni. Habari hiyo haikumtuliza mtu. Mwenye mwili ndiye aliyeamua: atayasema katika mazoezi akitaka, ila mbele ya watu hatayasema mpaka mtoto aache ziwa. Uamuzi huo ni wake, nao umepita.

Ninauweka hapa kwa sababu unausahihisha msimamo wa mradi mahali muhimu. Tulikuwa karibu kuamini kwamba kadiri mwili wa mwigizaji unavyomkaribia mhusika ndivyo uigizaji unavyokuwa wa kweli. Kijana alipoyasema maneno yaleyale, kifua chake kikiwa bapa, kila mmoja wetu alimtengeneza mtoto kichwani mwake, na tukamtazama Bibi Macbeth. Mwenzetu alipoyasema, tulimtazama mwenzetu, na mawazo yetu yote yalikuwa nje chini ya mwembe. Mwili unaweza kumjaza mhusika hadi asionekane. Wavulana wa London waliacha nafasi tupu ambayo hadhira iliijaza, na nafasi hiyo nayo ni sehemu ya uanamke wa Bibi Macbeth.

Kibatari

Tendo la tano, onyesho la kwanza: malkia anatembea usingizini, ameshika taa, akijaribu kuondoa damu mikononi. Daktari na mtumishi wa kike wanamtazama. Kabla ya Siddons, Hannah Pritchard aliyesifika sana katika nafasi hii alishika mshumaa muda wote. Siddons aliuweka chini ili mikono yote miwili iweze kunawa, na Sheridan, aliyekuwa mkuu wa ukumbi, alijaribu kumzuia siku yenyewe kwa kuhofia kwamba watazamaji hawatalipokea badiliko hilo. Walilipokea, na hadi leo waigizaji wengi huiweka taa chini.

Taa yetu ni kibatari. Madirisha ya ukumbi hayana vioo, na upepo wa jioni hupita. Binti aliingia kwa hatua ndefu, akainama mara moja, akakiweka, na moto ukazimika. Aliporudia polepole, moto ulibaki lakini usingizi ulitoweka. Tulimwona mtu anayechunga moto usizimike.

Mama alipoingia, moto haukutikisika. Shingo iliyobeba beseni la asali tangu usichana haichezi, na sehemu yote ya juu ya mwili wake ilikuja mbele kana kwamba haihusiki na miguu. Alifika katikati ya jukwaa, akasimama. Mkono wa kulia ukaenda pajani. Goti moja likashuka, pumzi ikatoka puani, goti la pili likafuata, ndipo kibatari kikawekwa sakafuni, nyuma kidogo ya mwili wake ili kisipigwe na upepo. Kitendo hiki kilichukua muda mrefu kuliko maneno yote aliyoyasema baadaye. Kisha akaanza kunawa, na hakunawa kama mtu mwenye maji. Alisugua kidole kimoja kimoja kuanzia shinani, akavikutanisha viganja, akavitenganisha kwa shida, akavitazama, akaanza tena. Nilimuuliza amejifunza wapi. Alisema ndivyo mikono inavyokuwa ukishinda unapima asali na maji yamekwisha: inanata, na ukiifuta kwa kitambaa inanata na kitambaa.

Tatizo likawa kuinuka, kwa sababu mhusika anaondoka akisema waende kulala, na magoti ya Mama hayamwinui bila msaada. Tumemruhusu mtumishi asogee, atoe kiwiko chake bila kumgusa, na Mama aukamate mkono huo na kuuegemea pasipo kumwona mwenye nao. Mtumishi, ambaye katika maandishi ni shahidi tu, sasa ni mwanamke anayemshika mwanamke mwenzake bila kumwamsha. Binti mwenye magoti mazima asingetufikisha hapa.

Kiti

Katika onyesho la karamu Bibi Macbeth ni malkia, na wageni wanakuja kumsalimu. Hapa kinyume cha langoni kinatakiwa: yeye ndiye anayepigiwa magoti. Historia ya nchi hii ina watawala wanawake. Unyanyembe yenyewe, utemi wa hapa Tabora, iliwekewa mtemi mwanamke baada ya Mtemi Isike kufa mwaka 1893 akipigana na Wajerumani. Hata hivyo Mama, kila mgeni alipokunja goti mbele yake, alikuwa akijiinua kidogo kitini ili amjibu kwa adabu. Mwili wake ulikataa kupokea. Binti alikaa bila taabu na akawaacha wageni wasubiri. Ana umri mdogo lakini amekwisha kuwa kiranja na nahodha. Nafasi hii nimempa yeye, kwani sitaki kuufundisha mwili wa Mama kiburi ambacho ameishi bila kukihitaji.

Jaribio la pembeni

Kwa jioni chache tumejaribu sehemu za *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na kazi inakwama kwa kuwa kila mmoja anavutwa na shida zake. Tulitumia gogo halisi. Tofauti ilionekana mara moja: mtunzi huyu anajua kwamba miili ya wanawake itakuwepo jukwaani, kwa hiyo haihitaji maneno ya kuitangaza. Uzito wa gogo unatosha. Wanawake wote walijua kuinua kwa mapaja, mgongo ukiwa wima, na aliyeumia mgongo ni Kijana.

Hali ilivyo sasa

Sitamchagua Bibi Macbeth mmoja. Watatu watamgawana kwa maonyesho, wakivaa kanga ya aina moja ili hadhira imtambue. Lango na usingizi ni vya Mama. Karamu ni ya Binti, pamoja na barua ya mwanzo, ambayo bado hatujaifanyia kazi ya kutosha. Mapepo tumebishania sana, kwa kuwa pumzi ya Mama ni yake peke yake, na tumempa yeye. Maneno ya mtoto anayenyonya ni ya Kijana. Yalikuwa ya kijana mwenzake zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na sasa anajua asiongeze kitu.

Yaliyobaki ni haya. Kungwi amekubali kurudi kwa ajili ya goti la Kijana, ambalo hata kama halitahitajika jukwaani yeye mwenyewe anataka alijue. Maleba ya Portia hayajashonwa, na Binti anadai suruali isiwe mpya. Mwenzetu anayenyonyesha ameombwa na Mama aigize yule mtumishi wa onyesho la usingizi, kwa sababu kiwiko chake kimezoea kubeba, naye amekubali kwa sharti kwamba mazoezi ya sehemu hiyo yawe ya kwanza kila jioni, ili arudi nyumbani kabla mtoto hajaamka.